Mche umegoma bustanini? Pima kwanza mahali ulipoupanda

Picha ninazoletewa zinafanana. Jani moja limeshikwa mkononi, njano au kahawia, na chini yake swali: "Dada, hii nipulizie dawa gani?" Mara nyingi hakuna cha kupulizia. Mche ni mzima, mbegu ilikuwa nzuri, ila umewekwa pasipo pake: palipo na kivuli, palipotuama maji, kwenye kifusi cha fundi, au kwenye upepo wa chumvi. Dawa haitibu mahali, na kila shilingi inayokwenda duka la pembejeo kabla ya kupima ni shilingi ya kubahatisha.

Malalamiko nimeyapanga kwa dalili, na katika kila dalili nimeanza na chanzo ninachokutana nacho zaidi. Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo mambo ya pwani yatapata nafasi kubwa, ingawa vipimo vyenyewe vinafanya kazi popote. Vifaa vingi ni vya nyumbani: futi ya fundi, kopo la bati, siki nyeupe, kijiti, ndoo na daftari. Daftari usiliache, kwa sababu tarehe ulizoandika ndizo zitakazokuonyesha kwamba tatizo linakuja na msimu.

Dalili: mmea umerefuka, shina jembamba, majani tele, maua hakuna

Chanzo cha kwanza ni kivuli. Watu hunibishia hapa: "Lakini pale jua linapiga!" Linapiga, ndiyo, ila kwa saa ngapi? Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, kila saa nenda kwenye tuta uandike J kama jua linapiga moja kwa moja, N kama linachujwa na matawi, na K kama ni kivuli. Ukishindwa kutofautisha, tandaza karatasi nyeupe na unyanyue mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali ni jua kamili, kikiwa na ukungu ni nusu, kisipoonekana kabisa andika K.

Hesabu J zako. Nyanya, hoho, bamia, biringanya na matikiti vinataka saa 6 kwenda juu, na 8 ni bora. Sukuma wiki, spinachi na figili huridhika na 4 au 5. Giligilani, nanaa na tangawizi wanaishi vizuri kwa 3 au 4, hasa zikiwa za asubuhi. Ukiwa na J 3 na unalilia nyanya, hamisha nyanya, panda tangawizi.

Kuna jambo lingine linalowachanganya hata wazoefu: "Tuta ni lilelile, Desemba lilinipa nyanya, Juni halitoi kitu." Jua halipiti njia moja mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana hupita upande wa kusini wa utosi wetu, na Juni hupita kaskazini, tena mbali zaidi. Chukua ukuta wa fensi wa mita 2.5 unaokwenda mashariki na magharibi. Desemba, mchana wa jua juu kabisa, kivuli chake kinalala upande wa kaskazini kwa sentimita 75 tu. Juni kinageuka upande wa kusini na kufika karibu mita moja na nusu. Tuta la upana wa mita moja lililo upande wa kusini wa ukuta, limebanana nao, linamezwa lote. Nairobi tofauti ya misimu ni ndogo: ukuta huohuo unatupa kivuli cha mita 1 hivi kuelekea kaskazini Desemba, na mita 1.15 kuelekea kusini Juni. Kwa hiyo hesabu ya J ifanye mara mbili, karibu na Juni na karibu na Desemba. Huna muda wa kusubiri miezi sita? Simamisha kijiti sasa, pima kivuli chake, halafu tumia vipimo vya ukuta nilivyokupa kukadiria.

Ukuta usiosogezeka upake chokaa nyeupe. Mwanga unaorudi unasaidia kuliko watu wanavyodhani, ingawa haugeuzi K kuwa J.

J zikitosha na bado ni majani matupu, ulimwaga samadi ya kuku kwa mkono mzito. Nitrojeni nyingi hulisha majani na kuchelewesha maua. Acha kuongeza, subiri. Chanzo cha tatu ni miche kubanana: nyanya zilizo chini ya sentimita 45 kutoka mche hadi mche hugombania mwanga na kurefuka.

*Simama hapa:* kama kinachozuia jua ni tawi linalopita karibu na nyaya za umeme, usipande wala usiliguse kwa panga au fito. Ita watu wa shirika la umeme. Mwembe mkubwa unaoinamia paa nao ni kazi ya mkataji mwenye kamba na uzoefu.

Dalili: majani yananyauka mchana, nawe umemwagilia, na udongo umelowa

Mkono wa kwanza wa kila mtu huenda kwenye ndoo kuongeza maji. Uzuie. Mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji, na mzizi uliozama unakosa pumzi, kisha hauwezi kunywa hata ukiwa umekalia bwawa. Mmea unaonyesha kiu huku unazama.

Pima hivi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huohuo. Lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha lijaze tena. Raundi ya pili ndiyo ya kuhesabu, maana ya kwanza ilikuwa inalowesha udongo mkavu tu. Simamisha kijiti chenye alama na usome maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Kati ya sentimita 2.5 na 7.5, panda karibu chochote. Chini ya 2.5, maji yanatuama. Zaidi ya 10, ni kichanga kinachopitisha maji kama chujio, nako utahitaji mboji, matandazo, na kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi.

Kosa ninaloliona ni kupima Septemba udongo ukiwa mkavu, kufurahi, kisha kupanda mipapai. Mwezi wa Aprili masika yanapokolea, maji ya chini ya ardhi yanapanda, na shimo lilelile linajaa lenyewe kutoka chini. Mpapai unaweza kufa ukikaa kwenye maji siku mbili tu. Parachichi hufa polepole, maana maji yaliyotuama hualika vimelea vinavyoozesha mizizi, na utaona matawi ya juu yakikauka miezi mingi baadaye, wakati mvua umeshaisahau. Pima kiangazi, pima tena katikati ya masika.

Dawa ya kwanza ni kuinua: tuta la sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, lililojaa udongo wa juu na mboji. Ya pili ni mfereji wa kuelekeza maji ya paa kwingine, kwani mara nyingi kinachozamisha bustani ni bomba la gata lililoelekezwa humohumo. Usimwage mchanga kwenye mfinyanzi ukidhani utalegea. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hukauka ukawa kama tofali. Mboji ndiyo inayofungua. Na kama mahali pamekataa kukauka, papokee palivyo kwa kupanda magimbi na miwa.

Maji yakishuka vizuri na mmea bado unanyauka, sasa ndipo ugonjwa unaingia kwenye mazungumzo. Kwa nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitundike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, ute mweupe ukichuruzika kama uzi wa moshi kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Usipoona kitu, ng'oa mmea taratibu uangalie mizizi. Vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo fundo, wanaopenda sana vichanga vyetu vya pwani. Kwenye maharage na kunde usikurupuke: vinundu vinavyobanduka kwa kidole ni vya bakteria wema wanaoleta nitrojeni.

*Simama hapa:* ukithibitisha mnyauko bakteria, usihamishe udongo huo, usitupe mabaki kwenye mboji, osha jembe na viatu, mwite afisa ugani. Na kama shimo lako la majaribio limetoa maji meusi yenye harufu ya choo, karo linavuja. Acha kuchimba, maana ardhi iliyo juu ya karo bovu inaweza kutitia. Ondoa watoto eneo hilo, usile mboga za majani za hapo, mwite fundi wa mifumo ya majitaka.

Dalili: kingo na ncha za majani zimeungua

Huu ndio ugonjwa wa Dar, Mombasa, Tanga na Unguja, na sehemu kubwa si ugonjwa. Kabla ya kifaa chochote, tazama umbo la majeraha. Majani yote ya mmea yameungua kingo, kuanzia yale ya zamani? Shuku maji. Yameungua upande unaoelekea bahari, na upande wa pili ni kijani? Huo ni upepo. Mmea mmoja tu, na juzi uliuwekea mbolea ya chumvichumvi karibu na shina? Jibu unalo, mwagilia kwa wingi kuisukuma chini, na safari nyingine iweke mbali.

Maji kwanza. Visima vingi vya mijini pwani vina chumvi, na ulimi hauwezi kupima kiwango kinachoumiza mmea. Tafuta kalamu ya kupimia chumvi, ile inayotumbukizwa ndani ya glasi ya maji. Ikisoma kwa maikrosimensi kwa sentimita, mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema hivi: chini ya 700 hakuna kizuizi, 700 hadi 3,000 chagua mimea kwa uangalifu, zaidi ya 3,000 ni hatari kwa mazao mengi. Ikisoma ppm, mipaka hiyo ni takriban 450 na 2,000. Maharage, karoti na vitunguu ndio wanaolia mapema. Spinachi na nyanya zinavumilia kiasi, bitiruti zaidi, na mnazi na mtende hawajali sana. Pima kisima mwishoni mwa kiangazi, wakati wengi wanavuta maji na mvua haijarudisha, kwa kuwa hapo ndipo namba inapokuwa mbaya.

Kumwagilia maji ya chumvi kidogo kidogo kila siku ndiyo njia ya haraka ya kuharibu udongo: maji yanapanda hewani, chumvi inabaki juu. Utaiona kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Mwagilia kwa nadra zaidi lakini kwa kina, ili ziada ishuke chini ya mizizi, na tumia masika kama kuoga kwa bustani nzima. Hilo litafanikiwa tu kama jaribio lako la shimo lilipita. Chumvi isiyo na pa kushukia haiendi popote.

Upepo una majira yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi huchukua zamu kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba. Funga vitambaa vyembamba kwenye fito katika kona nne za kiwanja, kimoja usawa wa goti na kingine usawa wa kichwa, uviangalie katika kila msimu. Utashangaa kuona kona iliyo nyuma ya ukuta mrefu ndiyo inayochapwa zaidi, kwa sababu upepo unaporuka ukuta mzima hushuka upande wa pili ukiwa umevurugika. Uzio wa mimea unaopitisha karibu nusu ya upepo hulinda bora, na kinga yake hufika umbali wa mara 10 ya kimo chake. Upande wa bahari weka mvinje, mkungu, mwarobaini au bogenvilia. Nyuma yao ndipo upange mboga na malimau.

Dalili: majani machanga ni njano, mishipa imebaki kijani

Majani ya chini, ya zamani, yakiwa njano kabisa bila michoro, ni njaa ya nitrojeni. Weka samadi iliyooza, umemaliza.

Kinachosumbua ni njano ya majani ya juu yenye mishipa ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni. Kinazuiwa kwa sababu udongo una chokaa nyingi, yaani pH, kipimo cha uchachu wa udongo, imepanda na uchachu umepungua. Nilipohamia nyumba ninayokaa, nilipanda ndimu tatu kando ya ukuta. Moja iliyokuwa mbali kidogo ilinawiri, mbili zilizokaribia ukuta zikawa njano mwaka mzima, nami nikazimwagia kila mbolea niliyoshauriwa. Siku nilipochimba nilikuta sentimita 40 za kifusi cha ujenzi: vipande vya tofali, saruji, lipu. Mafundi walikuwa wakioshea karai palepale.

Jaribio lake ni la dakika moja. Kausha kijiko cha udongo, kiweke kwenye kisosi, kidondoshee siki. Povu linalochemka linaonyesha chokaa, iwe ya saruji au ya mawe ya matumbawe kama yale ya sehemu nyingi za Unguja na ukanda wa pwani. Chukua udongo wa sehemu kadhaa na kina tofauti, sentimita 5, 20, 40, kwani kifusi mara nyingi kimefunikwa na udongo mzuri wa kununua.

Vile vipimo vya vijiti visivyo na betri vinavyouzwa kama vya pH, jua, na unyevu kwa pamoja, sivitegemei kwa pH. Namba zao huyumba kwa kiasi cha maji na chumvi kilichomo udongoni. Karatasi za pH pamoja na maji ya mvua zina ukweli zaidi, na maabara ndiyo neno la mwisho.

Kifusi kikiwa kwenye ukanda mwembamba, kitoe, jaza udongo wa juu na mboji. Kikiwa chini ya kiwanja kizima, jenga tuta la juu kwa ajili ya ndimu na pasheni, na ardhini panda wanaovumilia chokaa: mkomamanga, mtini, mlonge. Kunyunyizia chuma cha kelati, yaani chuma kilichotengenezwa ili mmea ukipokee kirahisi, kwenye majani hurudisha kijani kwa wiki kadhaa. Ni nafuu ya muda, wala mahali hapajabadilika.

Nyanda za juu tatizo hugeuka. Udongo mwingi wa Njombe, Rungwe na maeneo ya chai ya Kenya ni mchachu, na siki haitakuambia kitu. Chai inafurahia hapo, maharage yanadumaa. Huko chokaa ya kilimo inahitajika, lakini kiasi chake hutegemea udongo wenyewe.

*Simama hapa:* usimwage tindikali ya betri kushusha pH. Nimekutana na ushauri huo zaidi ya mara moja. Inaunguza ngozi na macho, na inaingiza madini ya risasi kwenye udongo wa chakula. Wala usiweke chokaa kwa kukisia. Chukua udongo wa sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, peleka nusu kilo maabara: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza, chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete kwa walio Kenya.

Dalili: maua yanapukutika, kabichi haifungi

Joto. Tundika kipimajoto kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, usome alfajiri na saa 8 mchana. Nyanya nyingi hushindwa kushika matunda usiku ukizidi nyuzi 21 hadi 24, na Dar kati ya Desemba na Machi usiku mwingi uko huko au juu yake. Panda ili zichanue Juni hadi Agosti. Kabichi nayo ingoje miezi hiyo, au uiache kwa Lushoto. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi 6 hivi, na ndiyo maana pasheni ya zambarau ni ya milimani na ya njano ni yetu. Walio Limuru au Kitulo wana adui wa upande wa pili: baridi kali hutiririka kama maji na kutuama bondeni usiku, basi miche laini iwekwe katikati ya mteremko.

Dalili: tuta moja, nusu inastawi, nusu imedumaa

Panga makopo sita yenye pande zilizonyooka juu ya tuta, mwagilia kama kawaida yako, pima kina cha maji katika kila kopo. Milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba. Makopo yakitofautiana mara mbili, tatizo ni mpira wako wa maji. Yakilingana, sukuma nondo nyembamba ardhini kila baada ya nusu mita. Inapogoma mapema kuna udongo ulioshindiliwa au mizizi ya mti wa jirani. Usisukume karibu na mita ya umeme wala ya maji kabla ya kujua nyaya na mabomba yamepita wapi.

Vipimo vyote vikitoka vizuri na mmea bado unakufa, mpelekee afisa ugani mmea mzima pamoja na mizizi na udongo wake, uliong'olewa asubuhi na kufungwa kwenye gazeti. Mfuko wa plastiki wenye unyevu utauozesha njiani. Ng'oa unaoanza kuumwa, usipeleke uliokwisha kukauka, na ubebe daftari lako.